Urithi Hai Namba Kumi na Nne

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa kuogopa. Sheria ya huko inasema jina la nchi likitajwa, kila aliye karibu asimame wima na kuweka mkono kifuani, na mimi magoti yananiuma, nanyi mmekwisha kaa vizuri. Tuiite nchi tu. Nchi hiyo ilikuwa na kisiwa kikiitwa Tondwani, na Tondwani palikuwa na mwanamke akiitwa Mize binti Faki, fundi wa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, mtu wa maneno machache na hasira za kutosha.

Kazi yake ilikuwa hivi. Unabeba makumbi ya nazi mpaka pwani upande wa mikoko, unangoja maji yakupwe, unachimba shimo kwenye tope, unayafukia, unayawekea mawe juu yasielee, unaenda zako nyumbani. Miezi minane bahari inaingia na kutoka juu yake. Kisha unayafukua yakiwa meusi na laini, yananuka hata mpita njia anashika pua. Unayaponda kwa mti mpaka nyuzi ziachane, unaziosha, unazianika, unasokota kamba. Tondwani palikuwa na mashimo arobaini, na tope la kufaa lilikuwa hapo tu, kwa sababu mikoko ndiyo iliyolishika lisiende na maji. Ukiitoa mikoko, tope linahama, na wanawake arobaini wanabaki mikono mitupu. Bi Mize alilijua hilo tangu ana meno ya utoto. Pale kisiwani hata mwendawazimu akichanja kuni alikwenda kuchanja kwingine.

Mashimo hayakuwa na hati. Yalikuwa na adabu yake tu: mwanamke aliye hai hajiiti mwenye shimo. Ukimuuliza hili la nani, anakutajia marehemu aliyemwachia. Kusema "langu" ilikuwa ni kumsahau mama yako mbele za watu. Shimo alilofukia Bi Mize liliitwa la Mwatime, na Mwatime alikuwa mama yake mzazi. Kila mtu alielewa, akawa hana haja ya kuuliza zaidi.

Kila mtu, isipokuwa Wizara ya Urithi, Mandhari na Mambo Yasiyobadilika.

*

Wizara hiyo ilizaliwa kwa aibu. Mheshimiwa Waziri, wakati huo akiwa waziri wa kitu kingine, alialikwa ng'ambo kwenye chakula, na mwenyeji wake akamuuliza kwa upole, "Na ninyi kwenu mnahifadhi nini?" Mheshimiwa akatafuna, akameza, akakosa jibu. Aliporudi, katika wiki moja ikaundwa wizara yenye maafisa mia tatu, magari sitini na wimbo wake wenyewe. Kilichokosekana ni kitu cha kuhifadhi. Maafisa wakatawanywa nchi nzima kukitafuta.

Tondwani aliletwa Bwana Kilavo, Afisa Urithi Daraja la Pili, mwenye viatu vya kung'aa na fomu ya maswali thelathini na saba. Alimkuta Bi Mize ameinama juu ya tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, utazama."

Hakuvua. Kanuni za utumishi zilikataza nyayo za afisa kuonekana na mwananchi. Akazama mpaka magotini, akaendelea kuandika.

"Shimo hili ni mali ya nani?"

"La Mwatime."

"Yuko wapi nimhoji?"

"Kafa. Mwaka ule wa njaa."

"Na lile lenye jiwe jeupe?"

"La Subira binti Vuai. Naye kafa."

"Na lile kule?"

"La Bi Hidaya. Kafa zamani, miye sijaolewa."

Bwana Kilavo aliuliza mashimo yote arobaini na akapata maiti arobaini. Kwa mafunzo aliyopewa ya siku tatu, kitu ambacho wenyewe wote wamekufa kinaitwa kale, na afisa aliyevumbua kale moja tu hupandishwa Daraja la Kwanza. Yeye alikuwa nazo arobaini mbele yake, tena ziko mstari mmoja.

"Na wewe bibi, una uhusiano gani na shimo hili?"

"Nalitunza."

"Tangu lini?"

"Tangu nina akili zangu."

Akaandika: Mlinzi wa jadi. Umri haujulikani. Bado anafanya kazi.

*

Mwezi haujaisha, Gazeti la Serikali likatangaza Mashimo ya Kale ya Tondwani, karne ya kumi na moja, matumizi yake hayajulikani, wataalamu wanadhani ni ya ibada. Chini yake, kwa herufi ndogo, Mize binti Faki akatangazwa kuwa Urithi Hai Namba Kumi na Nne. Namba Kumi na Tatu alikuwa kobe wa bustani ya Ikulu, na inasemekana yeye alifurahi.

Bi Mize hakufurahi, maana sheria ya urithi ilikuwa kali. Urithi haubadilishwi, haukarabatiwi, haufanyiwi usafi wa kupita kiasi. Paa lake likaanza kuvuja, akasuka makuti mapya, akaambiwa ayashushe: lile tundu limeingia kwenye picha rasmi. Akang'oka jino, wakaja maafisa wawili na rula kupima pengo. Siku moja alivaa kanga mpya kwenda arusini akarudishwa kutoka njiani, kwa sababu yeye katika daftari alikuwa wa kanga iliyopauka. Mimi nasimulia tu. Nchi za watu zina taratibu zake, na ni nani sisi tuzicheke.

Lililomkereketa hasa lilikuwa shimo. Miezi minane ilitimia, akaenda na jembe lake dogo, akakuta uzio wa waya na Bwana Kilavo kwenye kiti.

"Bibi, huruhusiwi kuchimba eneo la kale."

"Makumbi yangu yamo humo, mwanangu. Nimeyafukia miye kwa mikono hii, mwezi wa mfungo nne."

"Wataalamu wamethibitisha ni ya karne ya kumi na moja."

"Wameyanusa?"

"Wametumia picha za kutoka angani."

"Yakipita wakati wake yanaoza. Yakioza hayasokotwi. Nisiposokota sili. Hilo angani halionekani?"

Bwana Kilavo alitazama fomu. Halikuwemo. Akamwambia aandike barua, na barua akaiandika kwa mkono wa katibu wa msikiti, ikajibiwa baada ya wiki tano kwamba urithi hauna mamlaka ya kuandika barua, uandikiwe na mlezi wake, ambaye ni Wizara. Bi Mize aliikunja barua ile akawashia jiko. Usiku na mchana makumbi yake yalikuwa yanaoza hatua sitini kutoka mlangoni kwake, na aliyeyazuia alikuwa anakula mshahara kwa jina la kuyalinda. Hapo ndipo nami, pamoja na upole wangu wote, huwa natamani kutupa kitu.

*

Halafu akaja Waziri mwenyewe. Alikuja na boti saba, moja ya kwake na sita za kuangalia kama ya kwake inaelea. Akapanda jukwaani, akafuta miwani.

"Ndugu wananchi wa Tondwani! Mmebahatika. Mbele yenu leo imesimama Serikali inayopenda mikoko kuliko hata mikoko inavyojipenda. Ndiyo maana tumeamua kujenga hapa Kituo cha Kimataifa cha Kutafakari Mikoko, ghorofa nne, vyumba mia na ishirini, ambapo wageni kutoka pande zote za dunia watakaa barazani na kuitazama mikoko yetu. Ila wataalamu wamegundua tatizo. Mikoko iliyo mbele inazuia kuiona mikoko iliyo nyuma. Na iliyo nyuma imesimama mahali pa msingi wa jengo. Kwa hiyo tutaikata. Lakini nasema, na niandikwe nilivyosema, tutaikata kwa heshima!"

Makofi yakapigwa na waliokuja kwa boti.

Bi Kazija, jirani na shoga yake Bi Mize, akainua mkono. "Mheshimiwa, samahani. Mkishaikata yote, hao wageni watatazama nini?"

"Swali zuri sana, mama," akasema Waziri. "Tutawawekea picha."

Wakataji wakaja keshoye na misumeno ya mashine, fulana zao zimeandikwa mgongoni TUNZA MAZINGIRA YAKUTUNZE. Walianzia upande wa mashariki. Kabla ya kila mti kuangushwa, afisa mmoja alivua kofia. Siku ya tatu bamvua likaja, yale maji makuu ya mwezi mpevu, yakaingia kwa nguvu pale palipokuwa na mizizi, yakatoka na tope. Mashimo sita yakafunguka. Makumbi ya wanawake sita yakaelea mpaka gatini, meusi, yamejaa bandari nzima. Bwana Kilavo akaandika kwenye daftari kwamba kale imesafiri yenyewe.

Shimo mojawapo lilikuwa lile analolitunza Bi Kazija. Mama wa watu aliingia majini na nguo zake, anaokota makumbi yake kwa mikono, analia kwa sauti. Wakamkamata kwa kupora mali ya kale. Walimfungia siku mbili kwenye ghala la Wizara, mwanamke wa miaka sitini, pamoja na viti vya plastiki vya sherehe. Na kwa kuwa sheria ilitaka mshitakiwa asomewe kosa lake kikamilifu, karani mmoja alikaa mlangoni akamsomea Sheria ya Urithi yote, vifungu mia mbili na tisa, polepole, huku akinywa chai.

Nchi hiyo haijawahi kufanya kosa kubwa kuliko hilo. Bi Kazija alikuwa hasahau kitu.

*

"Shoga," alisema siku aliyotoka, hata maji hajaoga, "kifungu cha themanini na mbili. Hapana kukata, kuchimba wala kujenga ndani ya hatua thelathini kutoka kwenye urithi."

"Mashimo si urithi? Mbona wanakata?"

"Mashimo ni kale. Kale ina hatua mbili tu. Urithi ndio una thelathini."

"Urithi gani ulioko huku?"

"Wewe."

Bi Mize alijitazama mikono na miguu. Kisha akainuka, akachukua mkeka, birika na mti wake wa kupondea, akateremka pwani. Misumeno ilikuwa inanguruma upande wa magharibi, walikobakiza mikoko, yalikobaki mashimo thelathini na manne. Akatandika mkeka juu ya mizizi mbele ya msumeno wa kwanza, akaketi.

"Bibi, ondoka," akasema msimamizi.

"Nipimie."

"Nini?"

"Hatua thelathini. Nipimie pande zote. Miye Namba Kumi na Nne."

Bwana Kilavo akaitwa, akafungua kitabu, jasho likamtoka. Akapima. Misumeno ikazimwa. Walipohamia upande wa pili, Bi Mize alikunja mkeka akawafuata, akatandika tena. Sheria ilikataza kuuhamisha urithi, lakini haikusema lolote kuhusu urithi unaojihamisha wenyewe. Siku kumi na moja alifanya hivyo, jua linampiga, mbu wanamla, miguu imemvimba kwa kukaa majini. Wanawake walimletea muhogo na samaki. Alikuwa na hasira, lakini hakupaza sauti hata mara moja. Mbele ya kila mkataji alikuwa anasema neno lile lile: "Nipimie."

*

Wizara ikakaa kikao cha dharura, kwenye hoteli, siku nne, pamoja na matembezi ya bustani. Wanasheria walieleza kwamba urithi hai hauwezi kufutwa kwenye orodha isipokuwa kwa sababu moja tu, nayo ni kutoweka. Siku ya tano Bwana Kilavo akateremka pwani amevaa tai nyeusi, nyuma yake mtu kabeba gunia la mchele.

"Bibi, Serikali imesikitishwa mno na kifo chako."

Bi Mize akaweka kikombe chini. "Kifo cha nani?"

"Chako. Cheti hiki hapa, kina mhuri."

"Nimekufa lini?"

"Jumanne."

"Jumanne nilikuwa hapa hapa, nakuuliza saa ngapi ukaniambia saa nne."

"Ndiyo maana tumeandika kifo cha ghafla."

"Nimekufa na nini?"

"Sababu za kiutawala." Bwana Kilavo alikuwa hamtazami usoni. "Mchele ni wa rambirambi. Utawapa wafiwa. Na marehemu hana haki ya kuzuia shughuli za ujenzi, kwa hiyo tunakuomba... tunaomba mwili upishe."

Akailegeza tai yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ya mtu si ya afisa, "Bibi, nina mke na watoto wanne. Wakubwa wameniambia nisiporudi na saini yako kwenye cheti hiki nisirudi."

"Unamwambia nani, mwanangu?" akasema Bi Mize. "Miye si nimekufa."

Hakutia saini. Wakamtilia wao. Na kwa kuwa sasa mashimo yote yalikuwa ya wafu na mlinzi wake naye ni marehemu, yakaandikwa yote kuwa mali ya Serikali, kwa kukosa mtu.

*

Siku ya kuweka jiwe la msingi, ratiba iligawiwa kwa kila mtu. Kwanza wimbo wa Wizara. Pili, dakika moja ya kimya kumkumbuka marehemu Mize binti Faki. Tatu, jiwe. Nne, misumeno. Tano, chakula cha mchana. Viti vilipangwa kwenye tope, juu ya mbao, maji yakiwa yamekupwa. Bi Mize alikuja na wenzake, akaelekezwa kusimama nyuma ya kamba ya wafiwa. Mikoko iliyobaki ilikuwa nyuma ya jukwaa, imefungwa utepe mwekundu, kila mti na namba yake ya kufa.

"Ndugu wananchi," akasema Waziri, "tumempoteza mama. Tumempoteza mlinzi. Lakini ghorofa ya tatu ya Kituo itaitwa kwa jina lake, nayo itakuwa na bafu. Tusimame kwa dakika moja."

Wote wakasimama. Bi Mize naye alisimama, maana alilelewa vizuri. Alisimama kumkumbuka Bi Mize. Sekunde kumi zikapita, ishirini, na katika kimya kile akasikia tope linavuta maji chini ya miguu yake, lile tope alilofundishwa na mama yake kulikanyaga. Miezi yote alikuwa ameimeza hasira yake: paa, jino, kanga, barua, shoga yake akiokota makumbi huku analia. Hapo haikumezeka tena.

"Sijafa!" akasema. "Waongo wakubwa nyinyi! Sijafa!"

Watu wa jukwaani wakatazamana. Mshereheshaji akafungua Kitabu cha Itifaki, kile alichokitunga Waziri mwenyewe, akasoma kwa sauti ya majonzi. "Kimya cha heshima kikikatizwa kinaanza upya. Hakuna hatua ya ratiba itakayofuata kabla hakijatimia. Atakayesogea au kuketi kabla ya wakati amedharau msiba wa taifa na amejivua cheo." Akatazama saa. "Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Sekunde ya arobaini, Bi Mize akasema, "Wezi!"

Tunaanza upya.

Askari wawili walimtumbulia macho, lakini kumkamata kulitaka kusogea, na hata wangesogea, hakukuwa na fomu ya kumkamata marehemu. Waziri alikuwa amebana meno. Angeweza kuketi tu, mambo yakaisha. Lakini nyuma yake alisimama Naibu Waziri, macho yamemtoka, anautazama mguu wa bosi wake, anauombea utikisike. Na nyuma ya Naibu alisimama Katibu, anautazama mguu wa Naibu. Hakutikisika mtu.

Alasiri sauti ya Bi Mize ikakauka. Waziri akatabasamu, sekunde ya thelathini, arobaini, hamsini. Bi Kazija akakohoa, kisha akaita kuku wake, majina yote, mmoja mmoja. Wakaanza upya. Akafuata mwingine, akauliza nani ana chumvi nyumbani. Mwingine akasimulia mimba zake zote tisa. Mwingine alitukana, na matusi yenyewe siwezi kuyarudia hapa, ila yalikuwa mazuri. Maji yakaanza kujaa. Yakaingia kwenye viatu vya kung'aa vya Bwana Kilavo, yakapanda kwenye suruali ya Waziri mpaka magotini, na jiwe la msingi likazama kwenye tope likatoweka.

Mpaka hivi ninavyowaeleza, dakika ile haijaisha. Wanapewa uji wakiwa wima. Maji yanajaa, yanakupwa, nao wapo. Wanawake, wasio na cheo cha kupoteza, wamepangiana zamu, na asiye zamu yuko shimoni anafukua. Mashimo thelathini na manne yamefukuliwa na kufukiwa tena, makumbi mengi yameoza, mengine yamefaa. Yale sita ya mashariki hayapo, tope lake liko mbali baharini. Bi Kazija akipita pale hageuzi shingo.

Zamu ya Bi Mize ni asubuhi. Anakuja na mkeka wake, anakunywa maji, anasimama mbele ya Waziri, karibu kabisa, wanatazamana. Yeye hana haraka kama wenzake. Huwaacha wafike sekunde ya hamsini na nane, Mheshimiwa ameshaanza kushusha pumzi, ndipo anapofungua kinywa.